Nilimwonyesha Waitara Mahali Pasipouma

Kijiji cha Mbalibali,
S.L.P. Mugumu,
Serengeti, Mara.
14 Agosti, 1976.

Mpendwa mdogo wangu Efrazia,

Salamu nyingi zikufikie huko Tabora, wewe na shemeji Athanas na watoto wote. Hamjambo? Miguu ya shemeji imepata nafuu? Na yule mtoto wa mwisho, ameacha kukohoa? Kikohozi chake nakiwaza hata nikiwa kisimani, maana Heche naye alianza hivyo hivyo akiwa mdogo. Mpe uji wa ulezi, usimpe wa mahindi, na kifua chake kisikae wazi asubuhi. Najua utacheka useme dada ameanza.

Sisi huku tunaendelea. Ulezi tumeshavuna, sasa tuko kwenye pamba ya kijiji. Ile ng'ombe nyekundu uliyoiacha ikiwa ndama imezaa tena, jike. Baba Heche yupo, anakusalimu, anauliza lini mtakuja.

Utaona mistari yangu inapanda mlima na herufi nyingine zimekaa kichwa chini. Nimeandika mwenyewe. Ni kisomo cha watu wazima, mwalimu amesema sasa naweza. Barua zote za nyuma alikuwa ananiandikia Heche. Hii sikuweza kumpa aandike, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Efrazia, barua yako ilifika. Umeandika kwamba Waitara alaaniwe, kwamba alitaka kumchinja dada yako kama mbuzi wa sikukuu, na kwamba ukija huku mama yake hutampa mkono. Heche alitusomea uani, baba yake akasema umenena vizuri. Mimi niliinama nikaendelea kuchambua mboga. Mdogo wangu, nakuomba maneno hayo uyarudishe. Waitara hana kosa. Yale uliyoyajibu yaliandikwa na Heche kwa jina langu, na mimi nilikuwa nimekaa karibu yake, nasikia kila neno, nikanyamaza.

Nakueleza yote kama yalivyokuwa. Naona aibu hata kwa karatasi, lakini wewe tumenyonya titi moja.

Tumbo lilianza wakati wa palizi. Linauma chini ya kitovu, upande wa kushoto, kule chini kabisa. Linakuja linashika kama mtu anayekamua nguo, halafu linaachia. Siku nyingine haliji, nadhani limekwisha, kesho yake linanikunja nusu. Nilikunywa mizizi, nikafunga kamba kiunoni, wapi. Wanawake wa kikundi changu wakawa wanalima mistari yao na ya kwangu. Wao hawakusema kitu, lakini msimamizi wa shamba alipita siku moja akanikuta nimekaa kivulini, akauliza kama siku hizi kijiji kimeanza kufuga kupe. Watu wakacheka. Nami nilicheka nao, halafu nikaenda nyuma ya kichaka nikalia.

Mwishowe nilizidiwa. Heche na wenzake wakanibeba kwa kitanda mpaka barabarani, tukapata lori la ushirika, nikafikishwa hospitali, nikalazwa. Asubuhi pazia likafunguliwa, na aliyeingia na koti jeupe la daktari ni Waitara.

Wewe umeondoka huku siku nyingi, lakini nsoni zetu, ile haya ya mzazi na mwana, hujazisahau. Waitara na Heche walitahiriwa siku moja. Walipokuwa wanauguza, mimi na mama yake ndio tuliowapikia uji. Tangu hapo Waitara ni mwanangu kama Heche. Akinikuta njiani anapisha na kutazama chini, na mimi mbele yake sivui hata kitambaa cha kichwa. Sasa mtoto huyo amesimama karibu na kitanda changu, anasema, "Shikamoo mama. Nionyeshe panapouma."

Mkono wangu ulikuwa pale pale penyewe, chini, nimepashika. Nikaupandisha mpaka kwenye chembe cha moyo, nikasema hapa.

Akauliza kama panachoma. Nikasema panachoma. Akauliza kama panauma nikishakula. Nikasema ndiyo. Kila alichouliza nilikubali, nikitaka amalize aende zake. Akanibonyeza juu ya khanga kwa vidole viwili, macho yake yako dirishani, kama mtu anayepapasa ndani ya mfuko wa mwenziwe. Halafu akaandika, akaondoka haraka, na mimi nikashusha pumzi.

Nikapewa dawa nyeupe ya maji, nzito kama chokaa. Nikainywa yote. Wakija kuuliza nafuu, nasema bado. Na kweli ilikuwa bado, ila wao wanafikiri kule juu na mimi naumwa huku chini. Chakula kikanishinda kwa mawazo, nikakonda mpaka bangili ikawa inatoka yenyewe. Basi daktari mkubwa akasema huenda ni kidonda kibaya cha tumbo, nifunguliwe waone. Siku ikapangwa. Heche akaitwa, akatia sahihi, akatoka nje kwa muda mrefu, akarudi macho mekundu akiniambia ni vumbi.

Sasa utaniuliza, dada, mbona hukusema hapo? Efrazia, niliona afadhali. Nilisema moyoni, wakishafungua wataona wenyewe, hata huko chini wataona, na mimi nitakuwa nimelala sijui kitu. Wakipasua bila mimi kusema, nsoni haitakuwa yangu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mtu mzima mwenye wajukuu.

Kitanda cha pili alilala mama mmoja, Kuruthumu, mke wa fundi cherehani wa Mugumu. Kwao ni pwani kwa upande wa baba. Mguu wake ulikuwa umevimba, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa. Hana nsoni hata kidogo, anaongea na madaktari kama anaongea na wateja wa mumewe. Huyu alikuwa ananitazama. Siku moja maumivu yalinishika nikajikunja, na yalipoachia nikamsikia anasema, "Mama Heche, daktari umemwonyesha Tarime, kumbe ugonjwa wenyewe uko Mugumu."

Nikajifanya sikusikia. Akarudia. Nikamwambia anyamaze, Waitara ni mwanangu. Akasema mwanangu huyo kesho kutwa atakaa anawaangalia wenzake wakinipasua mahali pazima, na nikifa ataambiwa yeye ndiye aliyeniua, kwa hiyo kama nampenda nimwambie. Akasema nisiposema mimi atasema yeye, na yeye anasema kwa sauti, mpaka wodi ya wanaume watasikia.

Sikulala. Nilikuwa nimejihesabia kisu kuwa changu peke yangu, sikufikiri kwamba huyo mtoto naye atakuwa amesimama pale.

Asubuhi Waitara alipopita nilijifunika khanga kichwani, nikageukia ukutani. Nikamwambia, "Waitara mwanangu, pale nilipokuonyesha hapaumi. Hapajauma hata siku moja."

Nilidhani ameondoka. Halafu akauliza taratibu, "Basi panauma wapi, mama?"

Nikasema chini. Akauliza chini wapi. Nikasema, "Chini, mwanangu, usiniulize tena."

Kuruthumu akasema kutoka kitandani kwake, "Mugumu." Waitara hakuelewa, na mimi nilitamani godoro linimeze.

Alitoka, akarudi na nesi mmoja mtu mzima, Verdiana, mama wa makamo kama mimi. Waitara akabaki nje ya pazia. Verdiana akanipima kila mahali, mambo ya kike yote, bila haraka, akiniuliza na mimi nikijibu ukweli. Nilipomwambia yale maumivu ya kule juu niliyatunga, hakunicheka. Alisema wako wengi wanaoonyesha kidole cha mguu. Wakachukua mkojo, choo, damu. Daktari mkubwa akaja akabonyeza mwenyewe, akasema kisu hakuna tena.

Nikasubiri majibu. Majibu yakaja. Hawakuona kitu.

Hapo ndipo niliishiwa nguvu, mdogo wangu. Nimedanganya hawakuona kitu, nimesema kweli hawakuona kitu vile vile. Nilianza kukunja khanga zangu niende kabla sijafukuzwa. Nilikuwa namwona yule msimamizi wa shamba na kupe wake.

Waitara akaja na kigoda, akakaa pembeni ya kitanda, uso ameuelekeza mlangoni, na Verdiana akakaa miguuni pangu. Kwa hiyo alikuwa anazungumza na mlango na mimi nasikia. Nikamwambia kama hamkuona kitu basi semeni tu kwamba naigiza. Akasema, "Hapana, mama. Unaumwa. Sisi ndio hatujaona."

Halafu akaniuliza kama mguu umewahi kunikaza usiku nimelala, ile ya msuli wa nyuma. Nikasema mara nyingi. Akauliza kama inauma. Nikasema inaniliza. Akauliza, mtu akiukata mguu huo asubuhi atakuta nini ndani? Nikafikiri, nikasema atakuta nyama. Akasema ndiyo, nyama nzima, hakuna kidonda wala mdudu, na usiku nililia kwa maumivu ya kweli. Utumbo nao ni nyama, akasema. Unajikunja na kujikunjua kusukuma chakula, na kwa watu wengine unakaza vibaya, unashika halafu unaachia. Ukipimwa hauonyeshi kitu. Ukifunguliwa utakutwa mzima, na mimi nitashonwa nirudi nyumbani na kidonda ambacho sikuja nacho.

Nikamwuliza kwa nini wa kwangu unakaza. Akasema hajui. Alisema hivyo hivyo, sijui, na koti lake jeupe. Akasema pengine hatutajua kabisa, ila amejua kitu kimoja, kwamba yale mabaya waliyoyatafuta hayakuonekana, na hilo si dogo. Nikauliza kama ni mkono wa mtu. Akasema tumboni mwangu hajaona mkono wa mtu, na hata angeuona hana dawa yake dirishani. Kuruthumu akacheka mpaka akashika mguu wake.

Nikauliza tena, je, ni mawazo tu? Maana nilishasikia nesi mmoja kijana akisema hivyo koridoni. Hapo Verdiana ndiye aliyejibu. Alisema mawazo yanaweza kulikaza zaidi, kama yanavyomkausha mtu mate, lakini mate yakikauka yamekauka kweli, mtu hajayatunga. Nikalielewa hilo kuliko yote.

Wakaniambia nile kidogo kidogo kwa wakati, ninywe maji, nisikae kitako siku nzima nikilisubiri. Likikaza nipumzike, likiachia niendelee na kazi. Na wakaniambia ya kurudi mbio: nikiona damu chooni, nikitapika bila kukoma, nikipata homa, au likishika lisiachie. Nimeyashika kichwani, nimemfundisha na baba Heche.

Alipokuwa anainuka, Waitara alisema jambo moja bado akiutazama mlango. "Mama, nami siku ile niliona haya. Ulivyosema ni hapa nikakubali upesi. Ningemwita mama Verdiana tangu mwanzo." Nilishika upindo wa shuka tu.

Sasa hapa ndipo aibu yangu kubwa ilipo, hiyo ya nyuma ilikuwa ndogo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu. Waliokuwa wamenibeba wakaja, wanawake wa kikundi wakaja, kila mtu anauliza walikuta nini. Nikasema hawakuona kitu. Wakauliza, na ile habari ya kupasuliwa? Nikasema waliiacha. Basi maneno yakaota. Kumbe Waitara alitaka kumpasua mama wa mwenziwe bila ugonjwa. Kumbe wanajifunzia kwetu. Na mimi nilikuwepo, Efrazia. Ningesema neno moja yangekatika. Lakini nikisema nilionyesha pasipouma, wataniuliza panapouma ni wapi, mbele ya baba Heche, mbele ya wakwe. Nikasema leo niache, kesho nitasema. Kesho ikawa na kesho yake.

Heche akaacha kumsalimia. Watu waliotahiriwa pamoja, Efrazia, unajua uzito wake. Waitara alikuja likizo, wakapishana kisimani, Heche akatema mate chini. Na Waitara akanyamaza. Angeweza kusema mama yako ndiye aliyenidanganya. Hakusema, alinifunika. Mama yake tukikutana ananisalimu kwa mbali na kupita, na mimi najua ananiona mtu mbaya, na ana haki.

Halafu nikasikia kwamba Jumamosi ya mkutano wa kijiji watasema juu yake, waombe asitibu tena watu wa huku. Na atakayesimama kusema ni Heche, kwa sababu mgonjwa ni mama yake.

Ijumaa tulikuwa tunachuma pamba, mimi na Heche mstari mmoja. Nilikuwa mbele yake, yeye nyuma, hatutazamani. Nikamwambia pale pale nikichuma. Kwamba Waitara aliniuliza vizuri nikamdanganya, kwa sababu ya nsoni. Kwamba aliyenifunga mdomo ni mimi mwenyewe.

Nikasikia mikono yake imeacha kuchuma. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mama, uliona heri upasuliwe?"

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nikatia sahihi."

Nikasema ndiyo. Hakunikaripia, ingekuwa afadhali. Aliweka kikapu chini katikati ya mstari, akaondoka na jasho lake, akaelekea kwa akina Waitara. Wanawake wakaniuliza anakwenda wapi mchana kazini. Nikawaambia nimemtuma mimi. Nikachuma mstari wangu na wake, na tumbo likanishika mara moja, nikachuchumaa, likaachia, nikaendelea.

Kesho yake mkutanoni Heche alisimama akasema mama yake alikosea kuonyesha panapouma, na daktari alipoambiwa sawasawa aliacha kisu, na yeye Heche anamwomba mwenzake radhi mbele ya watu. Msimamizi wa shamba akauliza kwani alionyesha wapi na panauma wapi. Heche akamwambia hilo si la mkutano. Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake, nimejifunika khanga mpaka machoni. Watu waligeuka kunitazama, Efrazia. Wengine walicheka. Mama Waitara alikuwa mbele, alinyanyuka, akaja akakaa karibu na mimi, tukakaa hivyo bila kusemezana mpaka mwisho.

Jioni Heche akaja naye nyumbani. Nikapika ugali wa mtama na maziwa ya mgando, nikampa mtoto wa jirani apeleke ndani, mimi nikabaki nyuma ya ukuta wa jiko. Sikuweza kuingia. Niliwasikia wananawa, wanakula sahani moja, wanaulizana habari za ng'ombe. Halafu Waitara akaita kupitia ukutani, kwa heshima, "Mama, leo liko wapi?"

Nilitaka kusema lipo hapo hapo kwenye chembe. Nilishika ukuta wa jiko, nikasema, "Leo liko chini, mwanangu. Chini kushoto."

Akasema asante mama, wakaendelea kula.

Basi, mdogo wangu, hayo ndiyo nimeweza. Nakuomba umwandikie mama Waitara hata maneno machache ya salamu, Heche atamsomea. Usinitetee ndani yake. Na wewe kama una mahali panapouma ambapo huwaambii, mwambie nesi mwanamke, mwambie hata kwa kujifunika. Nakujua, tumelelewa na mama mmoja.

Wasalimu sana shemeji Athanas na watoto wote kwa majina yao, na mama mkwe wako nasema shikamoo. Baba Heche, Heche na mkewe wanawasalimu. Kuruthumu naye, ambaye humjui, aliniambia nikikuandikia nikusalimu, sasa anatembea kwa fimbo na anatukana watu kama kawaida.

Mungu awalaze salama na awaamshe salama, na kifua cha mtoto kipone.

Mimi ni dada yako nikupendaye, mwenye haya lakini mzima,

Agustina, Mama Heche